Waridi limekatwa kichwa, haraka ya nini?

Jamani, rangi ya kabati imepakwa saa nne asubuhi, saa nane mchana mtu ameshabandika stika ya kusugua, lile ua la waridi lililochapwa kwenye plastiki, unalisugua mpaka lihamie kwenye kabati! Eti haichafui kidole, basi imekauka. Juu kavu, ndani bado laini. Mwanza hii, msimu wa mvua, na unyevu wote huu wa ziwa, hata saa 24 ni chache. Unasugua, rangi inabonyea. Unavuta plastiki, rangi inakuja nayo. Halafu inalaumiwa stika?

Na rangi ya mafuta inayong'aa kama kioo, ua litashika wapi? Msasa laini namba 220, pitisha kidogo tu, futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Dakika kumi! Kumi!

Ila kinachouma kuliko vyote ni kule kuvuta. Karatasi nyeupe ya nyuma ya stika imetolewa, kijiti cha aiskrimu cha kusugulia kimepita mara mbili katikati, pembeni hakijafika, mtu anavuta plastiki kwa nguvu kama anavuta nyavu za dagaa. Waridi linakatika shingo: shina liko kwenye droo, kichwa kiko kwenye plastiki. Kwa nini? Anzia kona moja, ikunje plastiki kurudi nyuma, taratibu. Ukiona hata ncha ya jani imegoma, ilaze tena palepale, sugua. Itashika.

Kazi imetoka safi, ndipo mtu anamwaga vanishi ya kuchanganywa na thina, maua yanakunjamana huku tunayatazama. Vanishi ya maji ipo madukani. Thina ya nini juu ya waridi?