Televisheni ya Bure, Shingo Siyo Yangu Tena

Aliyeita kitu hiki televisheni ya bure hajawahi kupanda paa. Mawimbi ni ya bure, sikatai. Yanapita juu ya kichwa changu usiku na mchana, hayadai malipo ya mwezi, hayaulizi namba ya kadi. Lakini kuyadaka sasa! Afadhali ukimbizane na panzi gizani.

Nilianza kwa mbwembwe. Niliacha kulipia king'amuzi, nikaita familia yote sebuleni, nikatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii haimlipi mtu yeyote ili kutazama taarifa ya habari. Mama watoto akaniuliza swali moja tu: "Umemuuliza fundi?" Fundi wa nini? Antena ni vyuma na waya. Nikaenda dukani kifua mbele.

Kule nikakuta maboksi yanashindana kudanganya. La kwanza limeandikwa "antena ya kidijitali". La pili "4K", yaani picha kali kupindukia. La tatu, hili ndilo lililoniteka, linasema linadaka mawimbi kutoka kilomita 500. Mtu mzima mimi, mvi hizi zote, nikaamini.

Kumbe antena haijui dijitali wala analojia. Ni chuma kinachodaka mawimbi na kuyapeleka kwenye waya, basi; kazi ya kuyafumbua ni ya king'amuzi au televisheni yenyewe. Kuniuzia antena ya kidijitali ni sawa na kuniuzia sikio la kusikilizia Kifaransa. Na hizo kilomita 500 ndiyo kichekesho kabisa. Mawimbi ya televisheni hupenda kwenda moja kwa moja, na dunia nayo, kama mnavyojua, imejipinda. Mnara ukiwa na urefu wa mita 300 na antena yako ikiwa mita 10 juu, kilomita 80 na kidogo hivi dunia imeshaingia katikati. Hapo hujahesabu milima. Kilomita 500 labda siku moja moja hewa ikijipanga kwa namna ya ajabu, na siku hiyo umeme utakuwa umekatika.

Mimi nikachukua hiyo hiyo ya kilomita 500: bapa, nyembamba kama karatasi, ya kubandika dirishani. Niseme ukweli: niliipendea sura. Nyumbani tulikuwa na antena ya zamani, ile yenye umbo la mifupa ya samaki, imetupwa nyuma ya nyumba. Mama watoto alikuwa anaanikia matambara. Niliiona ya kizamani, ya aibu. Umbo lile lilibuniwa Japani mwaka 1926 na wataalamu wawili, Uda na Yagi. Inasemekana kazi kubwa aliifanya Uda, lakini watu wengi wanaita Yagi tu. Mambo ya kazini hayo, siyaingilii.

Ile bapa ilileta chaneli mbili, zote za mahubiri. Nikageuza, ikabaki moja. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba ukubwa wa antena haukuwekwa kwa urembo. Chaneli za UHF, yaani zile za masafa ya juu zaidi, mawimbi yake ni mafupi, nusu ya wimbi ni kama sentimita 30, hivyo antena ndogo inaweza kujikongoja. Chaneli za VHF, zilizo masafa ya chini yake, nusu ya wimbi inafika sentimita 75. Sasa kijikaratasi changu cha upana wa daftari kitalidaka kwa lipi? Na dirisha lenyewe lina nondo, na juu yake bati. Mawimbi na bati haviivi. Nilikuwa nimeifunga antena jela halafu nailaumu haitembei.

Hapa ndipo nilipozikumbuka chenga. Zamani picha ikiwa mbovu ilikuwa na chenga, lakini unaona. Mchezaji anakuwa na kivuli chake pembeni, uwanjani wanakimbia watu arobaini na wanne, unakisia, maisha yanaendelea. Dijitali haina ubinadamu huo. Mawimbi yakitosha, picha ni kioo. Yakipungua kidogo tu, picha inakatika vipande, inaganda, halafu maandishi: hakuna mawimbi. Na inajua kuchagua saa! Penalti imepigwa, mpira uko hewani, kipa yuko hewani, wote wawili wameganda hivyo hivyo kama nguo kwenye kamba. Matokeo niliyapata kwa kusikiliza makelele ya jirani.

Halafu tukagundua jambo. Nikisimama kando ya dirisha, mkono wa kushoto juu, picha inatulia. Nikikaa, inaganda. Mwili wa mtu nao huyazuia na kuyarudisha mawimbi, kwa hiyo mimi nikageuka sehemu ya mtambo. "Baba, usisogee!" Tamthilia nzima nimeisikia kwa masikio huku natazama ukuta. Nilipolalamika kwamba shingo inaniuma, mtoto wangu wa mwisho akanishauri nibadilishe mkono.

Kesho yake nikanunua busta. Nilidhani busta inatengeneza mawimbi. Haitengenezi chochote, inakuza ilichopewa, na ikipewa takataka inakuza takataka. Busta ina kazi yake pale waya unapokuwa mrefu, na hapo hufungwa juu karibu na antena, siyo nyuma ya televisheni nilipoibana mimi. Nikafungua ukurasa wa vipimo: nguvu asilimia 96! Nikapiga makofi. Chini yake: ubora asilimia 8. Sijawahi kuona kitu chenye nguvu nyingi na faida ndogo namna ile, ukiacha shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenishauri ninunue.

Basi nikapanda paa. Nikanunua antena ya nje, nikaivuta kwa waya mwembamba uliobaki kwenye kazi nyingine, nimeuunga mahali patatu kwa solotepu. Nikatazama huku na huku, nikauona mnara mrefu kilimani, unawaka taa nyekundu. Nikailenga pale. Siku tatu nimepanda na kushuka, mtoto dirishani anapokea amri na kutoa ripoti: "Imekuja! Imekwenda! Imekuja! Baba umefanya nini?" Sijafanya kitu, nimepumua.

Siku ya tatu mama watoto akatoka nje, akatazama mapaa ya mtaa mzima, akasema taratibu, "Hivi baba, mbona antena za watu wote zimeelekea kule, na yako peke yake imeelekea huku?"

Nikamwambia wamekosea.

Mnara ule ulikuwa wa simu. Siku tatu nzima nimeielekeza antena ya televisheni kwenye mnara wa simu, na busta juu yake! Tena afadhali ningeulenga mwezi, maana mawimbi mengine ya 4G yanakaa jirani kabisa na ya televisheni. Sehemu yenyewe ya mawimbi zamani ilikuwa ya televisheni, ikachukuliwa na simu. Mimi nikawa nayakaribisha ndani na kuyakuza.

Fundi akaja. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alizunguka nyumba, akasimama mbele ya mifupa ya samaki yenye matambara, akauliza, "Mama, hii bado mnaitumia?"

"Naanikia."

Akaomba ruhusa, akatoa matambara moja moja, akayakunja. Akaisugua kutu pale waya unapofungwa, akaweka waya mpya mnene usio na kiungo hata kimoja, akaipandisha kwenye bomba. Akavilaza vijiti vyake kama vilivyolala vya majirani, kwa sababu kuna minara inayorusha mawimbi ya kulala na mingine ya kusimama. Akaielekeza kule, walikoelekea wale niliosema wamekosea. Busta akaichomoa, akaniwekea mkononi bila neno. Akaamuru televisheni itafute chaneli upya. Zikaja zote, na picha yake, hata matone ya jasho kwenye paji la uso wa mtangazaji unayahesabu.

Muda aliotumia haufiki nilioutumia mimi kufungua lile boksi la kilomita 500.

Sasa picha ipo, amani haipo. Mama watoto hana pa kuanikia. Jana ameniambia kwamba kwa kuwa nimemnyang'anya kitu chake, ile bapa ya kilomita 500 amejilipa. Anawekea sufuria za moto mezani. Nimeichunguza: haijaungua, haijapinda, na tangu ianze kazi hiyo haijaganda hata mara moja.