Ukuta kati ya ubalozi na Ufundi House

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolenga ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliporomosha Ufundi House, jengo la jirani. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam, asubuhi hiyohiyo, walikufa 11. Nimesoma mashauri yaliyofuata huko Marekani, na naamini kilichowanyima haki wengi wa watu wetu si ukosefu wa ushahidi. Ni jambo ambalo mawakili hulitaja kila siku katika pingamizi la awali: mamlaka ya mahakama.

Mamlaka hayo ni ya aina mbili. Kwanza, mahakama iwe na nguvu juu ya mdaiwa mwenyewe. Pili, iwe imepewa na sheria uwezo wa kusikiliza shauri la aina hiyo. Mdaiwa asipoipinga ile ya kwanza mapema, nafasi imempita. Ya pili haisameheki: hata pande zote zikinyamaza, jaji lazima alitupe shauri. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kesi ya mume na mke wa ukoo wa Mottley dhidi ya kampuni ya reli ya Louisville & Nashville kwa hoja hiyo, na hakuna upande uliokuwa umeitaja.

Mashauri dhidi ya Sudan, iliyotuhumiwa kuisaidia al-Qaeda, kundi lililofanya mashambulizi hayo, yanaonyesha zote mbili. Mabaharia waliojeruhiwa al-Qaeda ilipoilipua meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, huko Aden, Yemen, mwaka 2000 walishinda dola zaidi ya milioni 300. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo, kwa sababu hati ya wito ilitumwa kwa posta kwenye ubalozi wa Sudan mjini Washington badala ya kwa waziri wa mambo ya nje, Khartoum. Inauma, lakini naikubali. Asiyeitwa ipasavyo asihukumiwe, na wito unaweza kutumwa upya.

Watu wa Ufundi House hawana cha kutuma upya. Sheria ya Marekani inayoiondolea nchi inayofadhili ugaidi kinga ya kutoshtakiwa inamfungulia mlango raia wa Marekani, askari wake na, tangu 2008, mwajiriwa wa serikali yake, pamoja na jamaa zao. Kupitia mlango huo, Wakenya na Watanzania waliofanya kazi ubalozini walishinda. Mwaka 2011 mahakama ya Washington iliamua kwamba Sudan na Iran zinawajibika, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba Sudan ingeweza kutozwa hata fidia ya adhabu, yaani ile ya kumwadhibu mkosaji juu ya kufidia hasara. Nilifurahi kwa ajili yao. Lakini aliyekuwa mezani pake Ufundi House, akauawa na bomu lilelile, sheria haimtambui. Na Wakenya walioishtaki serikali ya Marekani yenyewe kwa uzembe wa ulinzi walikwama kwenye rufaa mwaka 2003. Jibu lilikuwa lilelile: mahakama haina mamlaka.

Wapo wanaosema mahakama ya Marekani haiwezi kuwa mahakama ya dunia nzima. Ni kweli. Ila hapa hakuna aliyeleta ugomvi wa mbali. Bomu liliwafikia Wakenya kwa sababu jengo la Marekani lilikuwa pale, na ushahidi wote umeshasikilizwa Washington. Kumtenganisha mfu na mfu kwa barua ya ajira ni uonevu, na siuiti ufundi wa sheria.

Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, na Desemba 2020 Bunge la Marekani likairudishia kinga. Iran haijarudishiwa. Bunge lililoongeza neno "mwajiriwa" mwaka 2008 linaweza kuongeza sentensi moja kwa ajili ya waliokuwa ng'ambo ya ukuta.