Franz Boas hakusema kila mila ni njema

Mjadala wa haki za binadamu ukigusa mila tu, hachelewi mtu kumtupia lawama Franz Boas, Mjerumani aliyejenga anthropolojia ya Marekani, yaani elimu ya binadamu na tamaduni zao, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia. Eti alifundisha kwamba kila utamaduni upimwe kwa vigezo vyake, kwa hiyo hakuna wa kuukosoa.

Wanaolaumu husahau alichokuwa akipambana nacho. Wasomi wa enzi zake walikuwa wamezipanga jamii zote kwenye ngazi moja, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na umbo la fuvu likahesabiwa kuwa ushahidi. Boas aliwajibu kwa vipimo. Kuanzia 1908, kwa kazi ya tume ya Bunge la Marekani iliyochunguza uhamiaji, yeye na wasaidizi wake walipima karibu watu 18,000 jijini New York, wahamiaji na watoto wao. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na vichwa vya mviringo. Watoto wao waliozaliwa Marekani walikuwa na vichwa virefu kidogo zaidi. Wasisilia, ambao vyao vilikuwa virefu, watoto wao wakaelekea kwenye mviringo. Na kadiri mama alivyokaa Marekani kabla ya kujifungua, ndivyo tofauti ilivyoongezeka. Umbo la kichwa, lililodaiwa kuwa alama ya asili ya watu isiyobadilika milele, kumbe halimalizi hata kizazi kimoja! Ni kweli tofauti zenyewe ni ndogo, na watafiti waliorudia hesabu mwaka 2002 walisema Boas alizikuza. Wengine, mwaka uliofuata, wakaona kwa jumla alikuwa sahihi. Hata tofauti ndogo ilitosha kuwajibu wasomi wale. Lakini tume haikujali, ikapendekeza kubana uhamiaji vilevile.

Wakosoaji nao wana hoja. Mwaka 1947 mwanafunzi wake Melville Herskovits, yule aliyeandika kuhusu wafugaji wa Afrika Mashariki na ng'ombe wao, alitunga tamko la chama cha wanaanthropolojia wa Marekani lililotilia shaka haki za binadamu za ulimwengu mzima. Unazi ulikuwa umeanguka juzi tu, na baadhi ya wenzake hawakulimeza: kama kila utamaduni una vigezo vyake, nani angeulaumu Unazi? Lakini Boas, Myahudi aliyefariki 1942, aliupinga Unazi hadharani. Kuelewa mila hakukumziba mdomo.

Ukitaka kumshika pabaya, mshike kwa Qisuk, Muinuti (mtu wa jamii ya wenyeji wa asili) wa Greenland aliyeletwa New York 1897 na kufa miezi michache baadaye. Makumbusho aliyofanyia kazi Boas yalimfanyia mazishi ya uongo mbele ya mwanawe mdogo, Minik, huku mifupa ikibaki kabatini. Boas aliutetea mchezo huo. Hapo kigezo cha wenyewe hakikuulizwa kabisa, na mifupa ilirudi Greenland 1993.