Silaha Yangu Ilikuwa Miguu

Shemeji yangu hajawahi kununua gari, lakini katika ukoo wetu hakuna anayenunua gari bila kupita kwake kwanza, utadhani anatoa vibali. Nilipomwambia nimeona gari la michezo, viti viwili, paa la turubai, rangi nyekundu, halijatumika sana, hakuuliza habari za injini. Aliuliza, "Utaondokaje?"

"Kwa kuliendesha, shemeji."

"Hapana. Utaondokaje kabla hujanunua?"

Kwa mujibu wake, mnunuzi ana silaha moja tu, nayo ni miguu. Muuzaji akigoma kushusha bei, unainuka, unashukuru, unaanza kwenda zako. Usigeuke nyuma. Hatua ya 7 au ya 8 utasikia unaitwa. Mfano wake mkuu aliutoa kwenye mbio za magari za Le Mans, Ufaransa. Zamani, mbio zile za saa 24 zilianza kwa madereva kukimbia kukatiza barabara, kila mmoja anarukia gari lake. Mwaka 1969 Jacky Ickx akaukataa mtindo huo, kwa kuwa haraka ile iliwafanya watu waondoke bila kufunga mikanda sawasawa. Wenzake walipotimka, yeye akatembea taratibu kama mtu anayekwenda kufunga dirisha, akaingia, akajifunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Kesho yake akashinda, akiwa na mwenzake Jackie Oliver, kwa Ford GT40.

"Umeona?" shemeji akasema. "Mwenda pole hajikwai."

Nilishawishika kabisa. Kasoro ya mfano ule niliigundua baadaye: unahusu kuingia kwenye gari. Habari za kutoka hazimo.

Mimi nina urefu wa mita 1.91, na uzito ambao ni mke wangu pekee aliyeruhusiwa kuutaja. Pale yadi, muuzaji, kijana mpole mwenye sauti laini, hakunipeleka ofisini. Alifungua mlango wa gari akasema, "Karibu ulisikie, mzee wangu." Niliingia kwa awamu. Kwanza makalio, kisha kichwa, halafu miguu mmoja mmoja, huku nikiisaidia kwa mikono. Kiti chenyewe kimechongwa kama bakuli, kingo zake zinakubana mbavu ili usiteleze kwenye kona. Mimi kilinibana hasa. Paa lilikuwa limefungwa, nywele zangu zinaligusa.

Kijana akachuchumaa kando ya mlango, faili juu ya goti, akaanza biashara hapohapo. Nadhani alijua. Mpaka leo nadhani alijua.

"Kwa mwezi ungependa kulipa kiasi gani?"

Swali hilo nilikuwa nimeonywa. Ukilijibu, malipo ya mwezi yanashuka na wewe unafurahi, kumbe miezi imepanda kutoka 48 hadi 72, na gari limekuwa ghali kuliko pale mlipoanza. Nikamwambia tuzungumze bei nzima ya gari, mambo ya miezi baadaye. Akataja yake. Nikataja robo tatu yake. Akacheka kicheko cha kweli, si cha kibiashara, kisha akapunguza asilimia 3.

Wakati ulikuwa umefika. Nikatamka maneno niliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo: "Basi, kijana, asante kwa muda wako." Nikasimama.

Yaani, nilikusudia kusimama. Kichwa kiligonga fremu ya paa, goti likagonga usukani, kiwiko kikakandamiza honi, nikarudi kitini kwa kishindo. Wateja wote wakageuka.

"Umesemaje, mzee?"

"Nimesema asante kwa muda wako."

"Karibu sana."

Tukatazamana. Nikajaribu tena, safari hii kwa mguu wa kulia. Mguu ulitoka vizuri, ukakanyaga chini. Mwili haukuufuata. Sasa nilikuwa na mguu mmoja nje na mwingine umenasa chini ya pedali, na ukikaa hivyo huwezi kumfanya mtu aamini kwamba kuna yadi nyingine inakusubiri. Nikaamua kunyamaza, nitafute mbinu.

Nilinyamaza dakika 20 nzima. Mguu wa ndani ulikuwa umekufa ganzi, na nilikuwa nausubiri uamke. Kijana, naona, alitafsiri vingine. Akapunguza tena. Sikujibu, nilikuwa nahesabu vidole vya miguu. Akapunguza tena. Nikakunja uso kwa sababu ganzi ilikuwa imeanza kugeuka sindano. Akaenda kuongea na bosi wake, akarudi na bei iliyoshuka asilimia 11, akasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba hajawahi kuona mzee mgumu kama mimi. Nikakubali kwa kutikisa kichwa, kadiri paa lilivyoruhusu.

Hapo tukawa marafiki. Akanihadithia kwamba ile 40 kwenye jina la GT40 ni kimo chake kwa inchi, kama mita moja na kidogo tu, na kwamba dereva Dan Gurney, kwa urefu wake, ilibidi afanyiwe nundu kwenye paa ili kofia yake ipate pa kukaa. Na gari lenye nundu ndilo lililoshinda Le Mans mwaka 1967.

"Na hili mnaweza kulifanyia nundu?"

"Hiyo haimo kwenye bei, mzee."

Kisha akafungua faili upande wa pili. Waranti ya nyongeza, yaani dhamana ya kulipiwa matengenezo gari likiharibika. Alichonipunguzia kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ulikuwa umekuja kukichukua.

Watu husaini karatasi zile bila kuzisoma kwa sababu wanataka kwenda nyumbani. Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilisoma kurasa zote, hata yale maandishi ya sisimizi. Klachi haimo. Pedi za breki hazimo. Tairi hazimo. Turubai la paa halimo. Kwa ufupi, kila kitu ambacho gari la michezo hukitafuna kwanza kilikuwa nje. Ukilipeleka kwenye uwanja wa mbio, hata siku moja ya kujifurahisha, uharibifu wake ni wako. Ukibadilisha springi au ekzosi, wana haki ya kukukatalia. Kila ukienda kudai, unachangia kwanza wewe. Na mlipaji si yadi wala kiwanda, bali kampuni nyingine. Juu ya yote, gari lilikuwa bado na miezi 14 ya waranti ya kiwanda, na hii ya nyongeza ingeanza kuhesabiwa siku ileile. Miavuli miwili, mvua moja.

Nikamuuliza kama waranti nayo inapunguzika bei. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa siri ya familia. Kisha akaishusha hadi nusu, palepale, bila kwenda kwa bosi. Kitu kinachoshuka nusu kwa swali moja mtu mwenye akili hukikimbia. Nilitaka kukikimbia. Ndipo msuli wa paja ulipokakamaa, ule mkakamao wa kumfanya mtu mzima amtaje mama yake.

"Nitasaini," nikamwambia. "Nitasaini, nivute."

"Hapa, mzee. Na hapa. Na hapa chini, jina kamili."

Nilisaini juu ya usukani, jasho linadondokea kwenye jina kamili. Akachukua karatasi zake, akazipanga, akazifungia kwenye faili. Kisha akaingiza mkono juu ya kioo cha mbele, akafungua vishikizo viwili, akalisukuma paa nyuma. Sekunde 5, labda 6. Jua likanipiga utosini.

"Linafunguka?" nikauliza.

"Ni la turubai, mzee."

Nikasimama, wima kabisa, kama mtu yeyote.

Shemeji nilimpa habari za asilimia 11 tu, na sasa anazisimulia ukoo mzima kama kazi yake. Habari za waranti nilizimaliza mwenyewe. Ukurasa wa 6 ulisema mnunuzi anaweza kuifuta ndani ya siku 30 na kurudishiwa pesa zote, ikiwa hajadai chochote. Nilikwenda siku ya 9. Gari nililiacha nyumbani, nikapanda basi, nikasimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Kijana alinipokea kwa furaha, akanivutia kiti.

"Karibu ukae, mzee wangu."

"Nitasimama."