Tamasha la Rege Limefika, Besi Imebaki Jamaika

Wallahi hawa watu wa matamasha wametuona wajinga. Bango liko kila nguzo kuanzia Buxton hadi Kongowea: nyekundu, njano, kijani, simba kavaa taji, wasanii wanane kutoka nje, na chini kabisa, "Geti saa nane". Basi mwenye pupa anafika saa nane mchana, jua la Mombasa limemsimamia utosini, anakuta vijana wawili wanaburura waya na wa tatu anaulizia funguo za lori. Msanii wa kwanza, mtoto wa hapa hapa, anapanda saa kumi na moja kuviimbia viti vya plastiki. Yule uliyemtolea pesa anapanda saa nane, ndiyo. Ya usiku. Nenda kalalamike uone: saa nane si saa nane?

Na bango lenyewe lisome kwa miwani. Jina la bendi si jina la mwimbaji. Bob Marley alifariki Mei 1981, bendi yake The Wailers wakaendelea kuzunguka dunia, Aston Barrett mpiga besi akiibeba bendi miaka na miaka hadi akamwachia mwanawe. Joseph Hill, mwimbaji wa bendi ya Culture, alifariki 2006 akiwa ziarani Ujerumani, na mwanawe Kenyatta Hill akashika maiki. Hao sina neno nao, mtoto karithi kazi ya babake kama ilivyo kwa mafundi wote. Wanaonitoa jasho ni UB40, bendi ya rege ya Uingereza. Tangu mwimbaji wao Ali Campbell aondoke mwaka 2008, kukaja kuwa na UB40 mbili, kila moja inazunguka na kila moja ina mashabiki wake wanaoapa kwamba ile nyingine ni bandia. Sasa ukiliona jina hilo kwenye bango, uliza: ipi? Kuna promota atakutazama usoni akujibu, "Zote." Halafu kuna ufundi wa herufi. "LUCKY DUBE", kubwa, inaonekana toka ng'ambo ya Likoni. Juu yake, kwa herufi za kutafutwa na darubini, "usiku wa kumuenzi". Lucky Dube, yule nyota wa rege wa Afrika Kusini, aliuawa Johannesburg, Oktoba 2007. Na bado kuna mtu atasimama getini akiuliza marehemu anapanda saa ngapi.

Haya, tuseme wasanii ni wenyewe. Ugomvi wangu mkubwa ni besi. Rege ni vitu viwili, besi na pengo. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Ngoma kubwa ya mguuni, na fimbo kwenye ukingo wa ngoma ndogo, vinaanguka pamoja kwenye tatu. Kwenye moja hakuna kitu, hewa tupu. Gita linakata mbili na nne, kinanda kinachemka katikati, na besi ndiyo inayosema. Ndivyo Carlton Barrett alivyokuwa akiwapigia The Wailers. Sasa promota anatafuta mpiga ngoma wa kuazima, bei nafuu, amekulia kwaya. Yule bwana hawezi kuiacha moja ikae peke yake, anaionea huruma, lazima aigonge. Akishaigonga, wimbo mzima unakuwa wa kumsindikiza bibi harusi.

Kwa nini aazimwe mpiga ngoma? Ni hesabu ya ndege. Msafara kamili ni ngoma, besi, magita mawili, vinanda viwili, tarumbeta, saksafoni, tromboni, waitikiaji wawili, fundi wa sauti wa mbele, fundi wa sauti wa jukwaani, meneja wa safari, na mwimbaji mwenyewe. Watu kumi na watano, na visa zao, na vyumba vyao, na yule asiyekula nyama na yule asiyekula chumvi. Wajanja waliligundua hilo zamani. Reggae Sunsplash, tamasha kubwa la Jamaika, ilianza Montego Bay mwaka 1978, na ilipokuja kufunga safari za nje dawa ikawa bendi moja kuwapigia waimbaji wengi. Kila mwimbaji anatanguliza orodha ya nyimbo na funguo za sauti anazoziimbia, bendi inakariri nyimbo hamsini, sitini, na kutoka mwimbaji mmoja hadi mwingine ni dakika tano tu za kupangusa jasho. Kila mtu akija na bendi yake, kubadilisha ngoma na kuhamisha maiki ni nusu saa nzima, mara wasanii wanane. Hapo ndipo ile saa nane ya usiku inapotoka.

Promota wetu naye kasikia neno "kupunguza" akalipenda. Anapunguza tarumbeta kwanza, eti kinanda kitaigiza. Kisha kinanda cha pili. Kisha anafika kwa fundi wa sauti. Hapo ndipo ninapokamata kichwa! Kwenye rege fundi wa sauti ni mwanamuziki. King Tubby pale Kingston alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, hakupiga gita wala ngoma, alivuta swichi akaondoa sauti ya mwimbaji, akairudisha na mwangwi, na dunia ikapata dabu, rege ya besi na mwangwi. Mwangwi una hesabu yake. Wimbo wenye midundo 72 kwa dakika, mdundo mmoja ni milisekunde 833. Ukiweka mwangwi robo tatu ya hapo, yaani 625, neno linarudi na kuangukia mahali pake. Fundi wa harusi aliyeokotwa jana haulizi midundo. Anafungua mwangwi mmoja kwa kila kitu, tangu wimbo wa kwanza hadi tangazo: "Mtoto amepotea-tea-tea, kavaa shati jekundu-ndu-ndu." Wazazi wanatafuta watoto watatu.

Tuje kwenye stima. Kenya ni volti 240. Jamaika ni 110, Marekani 120. Kinanda kilichonunuliwa Miami kinatua Mombasa, na kijana wa jukwaani anatoka mbio kununua adapta ya plagi. Adapta, yakhe, inabadilisha miguu tu. Volti zinapita vile vile kama zilivyokuja. Kinachotakiwa ni transfoma ya kupunguza volti, tena yenye nafasi: kifaa cha wati 300 kipe transfoma ya 500, usikipe ya 300 iliyobanwa ikaanza kunuka kabla ya kiitikio. Pia tazameni nyuma ya kinanda! Vingine vipya vinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, imeandikwa pale pale kwenye kibandiko, na watu bado wanabishana huku kibandiko kinawatazama.

Jenereta je? Limeandikwa kVA 100, promota anahesabu kilowati 100, lakini kazi halisi unayoipata ni kama 80. Taa zimekula zake, friji za bia zake, na yule wa chipsi kajiunganisha kimya kimya. Hilo bado si la kuua. La kuua ni nyutro. Jenereta kubwa linatoa nyaya tatu za moto na moja ya nyutro ya kuzituliza. Nati ya nyutro ikilegea, volti hazigawanyiki tena sawasawa: waya wenye mzigo mkubwa unashuka, wenye mzigo mdogo unapanda kuelekea 415. Taa zinafifia upande huu, zinawaka kupita kiasi upande ule, watu wanashangilia wakidhani ni mapambo. Wanaojua wanachomoa vinanda. Nati hiyo inakazwa na kupimwa kabla ya kuwasha, kisha inaguswa tena lori likishasogezwa, kwa sababu kuna kijana lazima atasogeza lori.

Waya wa ardhi nao una kisa chake kisiwani hapa. Chini ya vumbi ni mwamba wa matumbawe. Fimbo ya shaba inatakiwa izame mita moja na zaidi; fundi anaipiga nyundo, inaingia futi moja, inagoma. Anafanya nini? Anachukua msumeno anaikata, kilichobaki juu kinaonekana kimezama vizuri kabisa. Dawa ni kutafuta penye udongo, kupigilia fimbo mbili tatu mbalimbali, kuziunganisha kwa waya mnene na kuzinywesha maji. Basi ule mngurumo unaousikia kabla ya bendi kuanza, mmmmm, usifumbe macho ukadhani Marasta wanatafakari.

Sasa besi yenyewe. Uwanja wazi hauna ukuta wa kusaidia sauti, kwa hivyo wufa, yaani spika za besi, zinatakiwa nyingi: kwa watu elfu tano, mimi sikubali chini ya makabati kumi na sita yenye spika mbili mbili za inchi 18. Promota analeta manane na kuyagawa, manne kushoto, manne kulia, yapendeze kwenye picha. Hapo ndipo besi inapojiua. Wimbi la sauti ya hetzi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Ukisimama mahali ambapo wufa za kushoto ziko mbali nawe kuliko za kulia kwa mita tatu na nusu, hizi zinasukuma hewa wakati zile zinavuta, na noti inafutika. Katikati ya uwanja besi inakutikisa mbavu. Tembea hatua chache pembeni, imekwenda. Na pembeni kuna nini? Hema la VIP! Mtu katoa elfu tano, kapewa kiti chenye kitambaa na bangili ya dhahabu mkononi, ameketi palepale mawimbi yanapouana, anasikia matoazi na mlio wa barafu. Muuza madafu nje ya uzio, aliyejipanga sambamba na katikati ya jukwaa, anakula besi bila tiketi.

Tiba haina gharama: wufa zote zipangwe mstari mmoja chini mbele ya jukwaa, kutoka katikati ya kabati moja hadi katikati ya jingine isizidi mita mbili. Na kabla ya watu kuingia, pigeni noti moja nzito, kabati moja moja, halafu mbili mbili. Mkiongeza kabati na besi ikapungua, kuna waya mwekundu umeingia kwenye mweusi. Lakini kupima kunataka muda, na muda wote umeliwa na yule bwana wa "tesi, tesi, wani tu". Anahesabu mpaka mbili kwa saa nzima, tatu haijui.

Upepo nao hausomi bango. Matamasha yanapangwa Pasaka, watu wa bara wakishuka, na Aprili ndio kusi inaingia na mvua zake. Pale uwanja wa Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, kusi inatoka baharini. Elekeza spika baharini, sauti inapigana na upepo, inapinda kwenda juu, walio nyuma wanaona midomo tu. Jukwaa liipe bahari mgongo, maiki zivishwe sponji, na kama watu wamejaa hadi mita 70 nyuma, waongezewe spika za huko zicheleweshwe milisekunde 200, maana sauti ya jukwaani inachukua muda huo kufika. Bila hivyo mwimbaji anajiitikia mwenyewe.

Emsii sitaki hata kumtaja. Wimbo umeingia mstari wa pili, watu wameanza kuchanganya, yeye anamfokea mpiga sahani, "Selekta, rudisha!" Honi. Mwanzo tena. Mtindo huo ni wa saundi sistimu, disko za mitaani za Jamaika, wimbo ukiwaka hurudishwa, sawa. Huyu wetu anarudisha hata ambao haujawaka, mara nne.

Halafu, saa tisa usiku, mambo ndiyo yameiva, gari la askari linaingia. Kuna kanuni za kelele tangu 2009, kibali kina mwisho wake, na majirani wa Kizingo wana namba za kupiga. Fundi anaambiwa punguza. Anapunguza nini? Besi, maana maneno na matoazi yanazuiwa na kuta, besi inapenya jiwe. Kwa hivyo usiku kucha jirani aliyefunga madirisha na kujifunika shuka alikuwa akisikia besi safi, bila emsii, bila honi. Wewe uliyelipa unamaliziwa na tsi, tsi, tsi. Nje tuktuk ya mia inataka mia tano, na wa Likoni akasubiri feri.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, mpigie promota. Muulize nani hasa anaimba. Muulize fundi wa sauti kaja na bendi au kaokotwa. Muulize wufa ni ngapi na zinakaa wapi. Muulize nani kakaza ile nati ya jenereta. Atakujibu, "Boss, wewe njoo tu, itakuwa moto." Hilo la moto, kwa nyutro ile, mimi naliamini.