Abiria Mwenye Masikio

Leo nimeoga makopo mawili ya maji. Na maji yalikuwepo, ndoo nzima, nimeyakinga mwenyewe saa tisa usiku yalipotoka, nimekaa juu ya kigoda nasinzia mbele ya bomba. Saa kumi na moja naamka niwahi gari, nachungulia ndoo, haina kifuniko na maji yako kule chini kabisa.

"Mama Zuhura, maji yangu?"

Akajibu bila kugeuka. "Nimemwagilia mgeni. Udongo wake ulikuwa umekauka."

Mgeni. Katika nyumba hii mgeni ni ua.

Linaitwa masikio ya tembo. Lina majani manne na limekaa pale lilipokuwa kochi langu, dirishani, kwa sababu linataka mwanga ila jua kali hapana. Na mimi jua kali silitaki, lakini kituoni nasimama kila siku na hajatokea wa kunisogeza kivulini. Linataka udongo wenye unyevu, ila maji yasituame, mizizi itaoza. Mara moja kwa wiki linafutwa majani kwa kitambaa chenye maji, juu na chini, eti utitiri hujificha upande wa chini. Nimemwona mke wangu kwa macho yangu akilifuta taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto mwenye homa. Mimi homa yangu ya mwezi wa nne niliambiwa Panadol iko juu ya friji.

Na aliyelileta ni mimi. Nilitumwa. Pale Mwenge wanapopanga maua barabarani, kijana mmoja akaniita bosi. Ukiitwa bosi, shika mfuko. "Bosi, hii ya nje hii. Elefanti." Shilingi 45,000, na hapo eti nimepunguziwa. Bodaboda wa kwanza alilitazama akasema upepo ukilishika litakuwa tanga, tutaibukia Unguja. Wa bajaji alitaja bei nikadhani ananiuzia bajaji. Nikapanda daladala ya Mbagala.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu. Niliingia taratibu, chungu kifuani, majani yamenipita kichwa, njia naiona kwa kuchungulia katikati. Walichokiona abiria ni ua lililovaa suruali.

Konda akaja na noti zake vidoleni. "Mzee, na huyu unamlipia?"

"Huyu nani?"

"Huyo mwenzako."

"Hili ni ua, kijana."

"Ua limechukua nafasi ya mtu mzima."

"Halijakaa kwenye siti. Limesimama."

Akafikiri kidogo. "Basi lilipe ya mwanafunzi. Na lenyewe lisimame kama wenzake."

Gari zima likacheka. Wanafunzi wawili mlangoni ndio waliocheka zaidi, na sijui kwa nini, maana wao ndio waliotukanwa.

Ubungo akapanda bibi mmoja na kikapu. Jani likamgusa ushungi. Akalishika, akaligeuza kama anayekagua kanga dukani. "Mwanangu, magimbi haya unayapeleka wapi na udongo wake?"

"Shikamoo bibi. Si magimbi. Ni ua."

"Marahaba. Ua lenyewe liko wapi?"

Nikanyamaza. Kweli, ua halina. Ni majani matupu.

Basi mjadala ukafunguliwa, na foleni ya kuelekea Buguruni mnaijua. Jamaa mmoja akaapa kwamba kwao Tukuyu vitu hivi vinaota bondeni bila kuitwa, na mtu akikuuzia elfu arobaini na tano unampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Bei sikuitaja mimi, aliisoma kwenye karatasi iliyobandikwa chunguni. Mkenya mmoja akasema kwao hiyo ni nduma, inachemshwa, inashushiwa chai asubuhi. Mama wa siti ya mbele akaja na tui la nazi na futari, mpaka na mimi mate yakanijaa. Dada mwenye simu akalipiga picha, akatusomea kwa sauti: "Alokasia. Asili yake Asia. Jani linaweza kuzidi mita moja."

Kimya. Halafu sauti kutoka nyuma: "Mita moja! Na wewe una chumba na sebule!"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote ninakaa wapi.

Bibi akainua mkono. "Tulieni. Gimbi jani lake linainamisha ncha chini, lina haya. Na bua lake linashika jani huku ndani, mbali na ukingo. Hili bua limeshikia hapa kwenye mpasuko, na ncha inatazama juu. Huyu ni ndugu yake gimbi, yule aliyekwenda mjini akajiona. Msije mkampika. Gimbi lenyewe lisipoiva linawasha, sembuse huyu." Dada wa simu akaunga mkono: utomvu wake una vijisindano vidogo mno, macho hayavioni.

Nani aliwaambia waseme sindano? Buguruni dereva alikanyaga breki, tukaenda mbele wote, na jani la tano (ndiyo, yalikuwa matano) likavunjika kwenye mkono wa konda. Konda akalishika lile bua linavyochuruzika, akalitupa dirishani, kisha kwa mkono huohuo akajifuta jasho shingoni.

Dakika mbili za kwanza alikuwa anaita abiria kama kawaida. Ya tatu akaanza kuita huku ameinamisha kichwa upande. Ya nne akaacha kuita. "Mzee! Hiki kitu gani umenipakia?" Anakuna shingo, anakuna kiganja, noti zinaanguka, abiria wanamwokotea na kumshauri: paka mafuta, nawa kwa maji, usikune, kuna. Mwisho akanirudishia chenji yangu yote, na nauli ya mwanafunzi juu yake, bila kudaiwa. Miaka ishirini napanda daladala, ndiyo mara ya kwanza. Mpaka leo akiniona kituoni anaficha shingo.

Nyumbani, baba mwenye nyumba aliliona siku hiyohiyo, akakohoa, akakumbusha kwamba vitu vimepanda bei. Jirani ameshaweka oda ya chipukizi.

Juzi nakuta matone juu ya redio. Nikashuku bati, nikashuku mtoto, nikamchapa maneno mtoto. Kumbe ni lenyewe. Udongo ukiwa na maji mengi, usiku mizizi inasukuma, maji yanatokea kwenye ncha ya jani, tone baada ya tone. Yaani maji niliyoyakesha bombani yanapita kwenye mizizi, yanapanda buani, yanashuka kwenye redio yangu. Mimi mwenyewe yamenipita pembeni.

Wiki iliyopita jani moja la chini likageuka njano. Msiba. Simu kwa dada yake, simu kwa muuza maua. Jibu: kawaida, jani jipya likifunguka, la zamani linaachwa liende. "Limestaafu," mke wangu akaniambia, ametulia. Likakatwa kwa kisu kilichooshwa. Mwenzangu kazini kastaafu mwaka jana, bado anazungushwa na mafaili, na kisu hakuna aliyemwoshea.

Na haya maji jamani, haya maji! Siku nne bomba linapumua hewa, na mita inazunguka kwa hewa hiyohiyo, na bili inakuja na ujumbe wa kunishukuru. Nimekwenda kuuliza. Nikaambiwa niandike barua. Nimeandika, nimerudi, dirisha namba tatu, mhusika ametoka kidogo. Ametoka kidogo tangu Februari! Mtu gani anatoka kidogo namna hiyo? Na usiku wa leo yakitoka nitakinga, halafu niyaache wazi yaingie mende, kwa sababu kifuniko cha ndoo hakionekani. Nimekitafuta jikoni, nimekitafuta uvunguni, nimemuuliza Zuhura, Zuhura anatazama dari.

Nimekiona. Kiko chini ya chungu cha mgeni, kinakinga maji yake yasichafue kapeti.