Shikamoo ya karatasi

Mpwa wangu ana miaka tisa na hajawahi kutamka neno likaeleweka nje ya familia. Ana mtindio wa ubongo uliombana mikono na kinywa. Akili imesalimika, tena ya utundu. Kwa miaka mingi, wageni waliofika kwa dada yangu walisalimiwa na kila mtoto wa nyumba ile isipokuwa yeye. Watoto wanapita mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka mgeni anafika kwenye kiti cha magurudumu, anampapasa kichwa, kisha anamgeukia mama yake: "Na huyu, anasikia?"

Anasikia. Na hilo swali alikuwa analisikia vilevile.

Siku mtaalamu wa tiba ya usemi alipokuja kwa mara ya kwanza tulidhani ataanza na maji, chakula na choo. Akamuuliza dada, "Mgeni akiingia hapa, watoto wanafanya nini kwanza?" Dada akajibu kwamba wanaamkia. "Haya, basi na sisi tuanzie hapo." Kisanduku cha kwanza kwenye ubao wa picha aliomtengenezea mtoto kikawa shikamoo: picha ya mtoto ameinamisha kichwa mbele ya mtu mzima. Ubao wenyewe ni karatasi ya A4 iliyopigwa leminesheni kwenye steshenari ya jirani, ikatobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mkono wa kiti. Anaugonga kwa kifundo cha ngumi ya kushoto kwa sababu vidole havifunguki vizuri. Mkono unaondoka, unapotea njia, unarudi, unatua. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipopata shikamoo yake ya kwanza alivua kofia. "Marahaba, mjukuu wangu." Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama anasikia. Habari za shule alimuuliza mwenyewe, akakaa kusubiri jibu.

Nimeanza na karatasi makusudi, maana watu wakisikia "teknolojia saidizi", yaani vifaa vya kumsaidia mwenye ulemavu, wanawaza kishikwambi. Nacho tulikuwa nacho. Tulikipata miaka miwili kabla ya karatasi, kwa wafadhili wenye nia njema kabisa. Kilikuja kwenye boksi lake, na kava nene la mpira, na chaja. Mtu wa kutufundisha hakuja. Ukigusa picha ya glasi, mwanamke wa Kimarekani anatangaza kwa Kiingereza kwamba anataka maji. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudimoni", akakigeuza akatazama nyuma yake. "Huyo mzungu anataka nini?" Watoto wakaangua kicheko, na mpwa wangu alicheka kuliko wote. Baada ya wiki tatu kilikuwa cha katuni. Baada ya miezi miwili kilikuwa kabatini juu ya mashuka.

Kabla hakijafika kabatini, binamu yetu mmoja anayejua kompyuta alijitolea kukitia Kiswahili. Akabadilisha kitufe kimoja kimoja, kila neno la Kiingereza akaliwekea la kwetu. Matokeo yake: mimi, taka, maji. Ukivigusa kwa mfuatano, kifaa kinasema "Mimi taka maji", kile Kiswahili cha mzungu mwenye shamba wa enzi za ukoloni ambacho Wakenya walikiita Kisetla. Mtoto aliyezaliwa Temeke, anayesikia Kiswahili tangu tumboni, tulikuwa tunampa mdomo wa setla! Kulikuwa pia na vitufe viwili vya watu, kimoja picha ya mvulana na kingine picha ya msichana, kwa sababu Kiingereza hutenganisha wa kiume na wa kike. Binamu alivitafsiri vyote viwili kwa uaminifu. Ukigusa cha mvulana, "yeye". Ukigusa cha msichana, "yeye".

Kichekesho hicho kinagusa jambo kubwa. Mpangilio wa vifaa vingi vya namna hii umejengwa juu ya lugha ambayo maneno husimama moja moja, kama matofali. Kitenzi chetu hakiko hivyo. "Hakunipigia" ni neno moja, lakini ndani yake mna kukanusha, mna wakati uliopita, mna mimi niliyesubiri simu na mna yule aliyenyamaza. "Nataka" na "sitaki" zinatofautiana kichwani na mkiani, wala huwezi kuchukua "nataka" ukaibandikia kitufe cha "hapana" mbele. Anayetengeneza ubao wa Kiswahili anapaswa kuanzia kwenye Kiswahili. Mtaalamu wetu alianza na maneno mazima yenye kazi nyingi: nataka, sitaki, bado, tena, acha, njoo, kwa nini, si hivyo. Kwa mtoto huyu "bado" peke yake ni hazina. Inajibu umeshiba, umemaliza, umelala, mama amerudi. Halafu yakafuata majina ya watu wa nyumbani, na picha tulizopiga kwa simu: sufuria letu la ugali, dagaa, choo chetu chenyewe chenye mlango wa bati. Kishikwambi kilikuwa na picha ya piza.

"Acha" na "sitaki" zilileta mjadala. Dada aliogopa kumfundisha mtoto ukaidi. Mtaalamu alimweleza kwa upole kwamba mtoto asiye na njia ya kukataa atakataa kwa mwili: atauma, atapiga kelele, atajimwagia uji, na watu watasema ana matatizo ya tabia. Mimi ningeongeza jingine ambalo hakuna aliyelitamka pale sebuleni. Msichana asiyeweza kusema "sitaki", wala kusema kesho yake ni nani alimfanya nini, yuko hatarini kwa namna ambayo kila mzazi anaijua.

Lakini kazi kubwa ya mtaalamu haikuwa kwa mtoto. Ilikuwa kwetu. Alitufundisha kunyamaza. Ukimuuliza kitu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua tena mdomo. Jaribu leo na mtu yeyote uone kumi ilivyo ndefu. Sisi tulikuwa tunauliza "Unataka chai?" na kabla mkono wake haujaondoka pajani tumeshajibu wenyewe, "Eeh, anataka." Pia alituamuru tuzungumze naye kwa ubao uleule. Ukimwambia njoo tule, gusa njoo, gusa kula. Mtoto anayesema kwa kinywa amesikia maneno kwa takriban mwaka mzima kabla ya kutoa la kwanza. Huyu naye inabidi aone lugha yake ikitumiwa na wengine kabla hajadaiwa kuitumia. Shemeji yangu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeishia kuwa hodari kuliko wote. Nadhani alifurahi kupata lugha isiyomlazimisha kuongea.

Huko Ufaransa, Desemba 1995, mhariri mkuu wa jarida la Elle alipatwa na kiharusi kilichomwachia kope la jicho la kushoto na mengine machache sana. Mtaalamu wa usemi wa hospitali ya Berck alimpangia herufi upya. Badala ya kuanza na A, orodha ilianza na E, S, A, R, I, N, kwa kufuata zinazojirudia zaidi katika Kifaransa. Msaidizi anazitaja moja moja, mgonjwa anapepesa kope ikifika anayoitaka. Kwa njia hiyo aliandika kitabu kizima. Ninachokipenda hapo ni kwamba hakukuwa na mashine yoyote, kulikuwa na mtu aliyeijua lugha ya mgonjwa wake mpaka kwenye herufi. Kwetu orodha hiyo ingekuwa nyingine. A ingerudi mbele, I ingemfuata kwa karibu, na X na Q zingeondoka kabisa. Hesabu herufi za aya hii ukitaka kuhakikisha. Je, ni wodi ngapi za kiharusi, Dar es Salaam au Mombasa, zenye karatasi kama hiyo ukutani? Gharama yake ni kalamu na nusu saa.

Nisieleweke vibaya, karatasi ina mipaka yake. Karatasi haiiti. Mtoto akiwa chumbani na wewe uko jikoni, ubao hauwezi kusema "njoo". Lazima mtu awe anamtazama. Ndiyo maana, miezi minane baadaye, mtaalamu mwenyewe aliuliza kile kishikwambi kiko wapi. Tukakitoa kwenye mashuka. Safari hii kilipangwa kwa kufuata karatasi, kisanduku kwa kisanduku, ili mkono usipotee. Sauti za Kiswahili za kompyuta zipo siku hizi. Google wanayo, Microsoft wana za Kenya na za Tanzania. Tuliposikiliza tulikuta ni watu wazima, wasomaji wa taarifa ya habari. Tukaamua kumrekodi dada yake wa miaka kumi na miwili akisema kila neno. Sasa wakigombana, mdogo anamfokea mkubwa kwa sauti ya mkubwa mwenyewe. "Acha!" Na mkubwa hana la kusema, maana amejisikia.

Sauti si jambo dogo. Mwanafizikia Stephen Hawking alipoteza yake mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo kutokana na nimonia. Mwanzoni alikuwa akiinua nyusi mtu akigusa herufi sahihi kwenye kadi, kisha akapata programu ya Walter Woltosz, ambaye awali alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake. Ile sauti tuliyoizoea ilitokana na kazi ya Dennis Klatt wa chuo cha MIT cha Marekani, aliyetumia sauti yake mwenyewe kama kielelezo. Ilikuwa na lafudhi ya Kimarekani, na Hawking alikuwa Mwingereza. Zilipokuja bora zaidi alikataa kubadilisha. Ilikuwa imeshakuwa yake.

Kuna mtego ambao nauogopa hata ndani ya familia yetu: kusema kwa niaba yake na kudhani amesema yeye. Upo mtindo wa kumshika mtu mkono au kiwiko "kumsaidia" agonge herufi, uliosambaa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wakaujaribu kwa kumwonyesha mgonjwa picha moja na msaidizi picha nyingine. Kilichoandikwa kikawa kile alichokiona msaidizi. Wengi wa wasaidizi hao hawakuwa waongo. Walipenda mno kusikia jibu. Kwa hiyo kwetu sheria ni moja, mkono wake haushikwi. Kama leo amechoka na mkono haufiki, basi leo hatujui, tutajua kesho.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata hawazidi asilimia 3 ya wanaokihitaji. Siipingi. Ninachoogopa ni jinsi takwimu kama hiyo inavyosomwa maofisini: leteni maboksi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inaitaka dola ikuze lugha ya alama, breili na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huohuo. Lakini watu wa kuifanya kazi hii walichelewa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008 tu, na wahitimu wake ndio waliotawanyika katika nchi zetu. Mpaka leo ukiwa nje ya mji mkubwa, ni nadra kumpata mtaalamu kama huyo. Ukiniwekea mezani bei ya kishikwambi kimoja na bei ya ziara kumi za mtaalamu, nipe ziara. Zaidi ya hapo, mpeni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji mafunzo ya kutengeneza ubao wa karatasi na kuhesabu mpaka kumi. Walimu wetu wengi wanavyo vishikwambi vilivyotoka kwenye sensa ya 2022. Vifaa havikukosekana.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuwasalimu. Mama yangu alikuwa amekuja kukaa hapo, analala chumba kimoja na wajukuu. Asubuhi kwenye chai mtaalamu akamuuliza mpwa wangu amelalaje. Tukahesabu. Mkono ukaondoka, ukapotea njia, ukatua kwenye BIBI. Ukaondoka tena: KULALA. Tukadhani amemaliza, mama akaanza kuitikia, "Eeh, bibi kalala salama." Dada akamwashiria anyamaze. Mkono ukashuka safu ya chini kabisa, kwenye vyombo vya usafiri, ukagonga PIKIPIKI.

Ilichukua kama sekunde mbili. Shemeji ndiye aliyeelewa wa kwanza, akatoka nje na kikombe chake, mabega yanatikisika. Mama yangu alitazama ubao, akamtazama mjukuu, akatutazama sote. "Nani kaweka pikipiki hapa? Itoeni."

Haijatolewa.